Mawakala wa safari, wakumbukeni watoto mnaowapeleka Bangkok

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na mawakala wa safari wa hapa kwetu, na wazazi wenzangu wanaofikiria kwenda Bangkok na watoto wadogo. Siku hizi ni wengi. Sisi wa Arusha tunaoishi kwa biashara ya vito tumezoea kuwaona waume zetu wakienda Thailand, maana mitaa ya Silom na Mahesak ndiko wanakokutana na wanunuzi wa mawe wa kila taifa. Sasa wake na watoto nao wanafuatana nao. Mwaka jana nilikwenda mimi na binti yetu wa miaka mitatu.

Hapa nyumbani tuliuziwa ziara ya mji ya siku nzima. Saa nne asubuhi Kasri Kuu la Mfalme, saa sita hekalu la Wat Pho, chakula, saa nane hekalu la Wat Arun, kisha sokoni hadi jioni. Safari yenyewe ilikuwa Aprili, mwezi wa joto kali kuliko yote Bangkok, jua la adhuhuri likiwa utosini kabisa. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kudhani joto analijua. Dar kuna upepo wa bahari. Bangkok, katikati ya zege na foleni za magari, hewa imesimama, na unyevu wake hauruhusu jasho likauke mwilini.

Kasri lile lilianza kujengwa mwaka 1782, na ni zuri ajabu: minara ya dhahabu, kuta za vioo vya rangi, sanamu za majitu yenye meno nje. Mtoto angelifurahia. Lakini saa tano kasoro ua wake unawaka. Kivuli ni cha kugombania, watu wamejaa, na sheria inataka mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo huwezi kumvalisha mtoto gauni jepesi la mikanda. Yeye mwenyewe ni mfupi, yuko karibu na sakafu inayorudisha joto, na mwili mdogo hupata moto upesi kuliko wetu. Binti yangu alilia, kisha akanyamaza na kulegea begani kwangu, midomo imekauka. Mzazi yeyote anajua kwamba kimya cha namna hiyo ni cha kuogopa kuliko kilio. Nilimwomba mwongozaji turudi hotelini. Akajibu kwamba gari limelipiwa hadi jioni na wenzetu wanasubiri Wat Pho. Tukaachana nao, tukatafuta teksi yenye kiyoyozi, tukaenda zetu.

Siku zilizofuata tulitembea kwa saa za mtoto, na hapo ndipo nilipoiona Bangkok. Wenyeji wenyewe wanaonyesha njia: asubuhi na jioni wako nje, mchana wamejificha. Wat Pho inafunguliwa saa mbili asubuhi, na ukifika saa hiyo mabasi ya watalii bado hayajaja. Ndani amelala Buddha wa dhahabu mwenye urefu wa mita 46. Binti yangu alitembea kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu ataamka. Nyayo zenyewe zimepambwa kwa lulumizi, yaani gamba la chaza linalong'aa, michoro 108. Nyuma ya sanamu, ukutani, yamepangwa mabakuli 108 ya shaba, na waumini hupita wakidondosha sarafu moja moja. Sisi si Wabudha, hatukudondosha kitu. Lakini mtoto aliganda pale akisikiliza ule mlio, bakuli hadi bakuli, hata mzee mmoja wa Kithai akapunguza mwendo wa kudondosha ili mtoto aufuate mlio vizuri. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeshamaliza, mtoto anacheka, na tumeshanywa dafu la baridi.

Kutoka pale ni hatua chache hadi mto Chao Phraya. Boti ya abiria yenye bendera ya rangi ya machungwa nauli yake ilikuwa baht 16, fedha ya kule, uende karibu au mbali, na upepo wa mtoni ni dawa. Wat Arun, ng'ambo ya mto, tuliiacha hadi jioni. Mnara wake umefunikwa vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina vilivyopangwa kama maua, na vile vya chini mtoto anavifikia kwa kidole. Ngazi za juu ni za mwinamo mkali. Msizijaribu na mtoto.

Mchana tulilala. Siku tulizochoka na chumba tulipanda treni ya juu, BTS, ambayo ndani ni baridi kiasi kwamba kanga inahitajika. Kanga chukueni hata mbili. Kigari cha mtoto kinasumbua Bangkok, kwa kuwa njia za miguu zimejaa meza za wauza chakula na nguzo, na mara nyingi unakuta ngazi mbele yako. Mtoto mgongoni kwa mbeleko unapita popote, na akina mama wa Kithai walikuwa wakinisimamisha waone ilivyofungwa. Ila mshusheni mara kwa mara kivulini, maana mgongo nao una joto lake. Na mwenye kigari asikifunike kwa kanga kuzuia jua, hewa ya ndani hupanda moto haraka sana.

Bustani ya Lumphini ndiyo iliyotupendeza kuliko yote, na haikuwa kabisa kwenye ratiba tuliyouziwa. Kuna ziwa, na ziwani kuna kenge wakubwa, wengine warefu kuliko mtu mzima, wanaogelea taratibu na kupanda majanini kuota jua. Binti yangu alipiga kelele, "Mama, mamba!" Tukawatazama kwa mbali mpaka jioni. Saa kumi na mbili kamili vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa, na bustani nzima ikasimama, hata waliokuwa wakikimbia. Na yeye akasimama, mikono ubavuni.

Jambo jingine, la tiketi. Kasri Kuu halimtozi mtoto wa kimo cha chini ya sentimita 120. Sisi tulitozwa kiingilio cha mtoto hapa hapa Arusha, na nilikuta bango la bure pale dirishani. Na hakuna aliyetuonya juu ya vijana wanaosimama karibu na kasri wakisema leo limefungwa, pandeni tuk-tuk, bajaji za kule, tuwapeleke kwingine. Kwingine kwenyewe ni duka la vito vya bei ya kulangua. Ukiwa na mtoto anayelia kwa joto, ni rahisi mno kukubali. Mimi mawe nayajua, lakini nawahurumia wasioyajua.

Ombi langu kwa mawakala ni hili. Ziara ya mji igawanyeni: mtu achukuliwe mapema awe mlangoni milango inapofunguliwa, arudishwe hotelini kabla ya saa tano, atoke tena saa kumi na nusu. Mwelezeni mteja kwamba miezi ya nafuu ni Novemba hadi Februari, na kwamba kuanzia Januari hewa huwa na vumbi na moshi, mwenye mtoto wa pumu ajue. Mwambieni abebe chumvi za kuongeza maji mwilini. Na kama gari haliwezi kukodiwa mara mbili kwa siku, basi andikeni wazi kwenye karatasi ya ratiba kwamba ziara hii haifai mtoto wa chini ya miaka mitano, ili mzazi aamue kabla hajalipa.

Mama wa mtoto mmoja,
Kaloleni, Arusha