Kwa mama lishe na wakaanga chipsi wa Kilombero

Wanangu, marahaba kwa shikamoo zote mnazonipa nikipita na mkongojo wangu hapo sokoni. Leo nina neno kuhusu mafuta.

Mnajua nimeuza duka hapa Arusha miaka mingi. Mteja akisita kati ya madumu mawili, nilimwonyesha kibandiko: "Chukua haya mama, hayana kolestro." Sikusema uongo. Ila sikumwambia kwamba hata lile dumu jingine halikuwa nayo. Kolestro, ile aina ya mafuta iliyomo mwilini na kwenye damu, tunaila kutoka kwa wanyama: nyama, maini, siagi, maziwa, kiini cha yai. Alizeti, mawese, karanga, nazi, yote hayo ni mimea. Kuyasifu kwamba hayana kolestro ni kama kusifu chumvi kwamba haina mifupa.

Kibandiko hicho kilinigeukia mwenyewe. Nilipopimwa damu nikaambiwa kolestro iko juu, nilibisha. Nyumbani si tunapikia mafuta yenye kibandiko? Daktari akauliza ni ya nini. Mawese, nikasema. Akanieleza kwamba kolestro nyingi ya mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na kwamba mafuta ya aina ile inayoganda yanalizuia ini kuiondoa kwenye damu ile kolestro mbaya, inayoziba mishipa. Mawese karibu nusu yake ni ya aina hiyo. Nazi inapita asilimia 80. Alizeti ni kama 11 tu.

Hamhitaji maabara. Baridi yetu ya Julai inatosha: dumu likilala kibandani, litazameni alfajiri. La mawese utalikuta limefanya ukungu mweupe au limeganda kabisa, la alizeti bado linamwagika.

Najua alizeti ina bei, na sahani ya chipsi ina faida ndogo. Sitawaambia mmwage mlichonunua. Lakini supu je? Iliyopikwa jana usiku ikipoa hufanya utando wa mafuta yaliyoganda juu. Uengueni kabla ya kuipasha, haugharimu hata shilingi. Na yale mafuta ya karai yaliyokuwa meusi kama oili ya gari, jamani, hayo yamwageni.

Kitu ninachowasifia ni makande. Yale maharage mnayoyaona chakula cha wanafunzi wa bweni yana nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni na kutoka nayo. Sasa ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni kolestro, ambayo linaivuta kutoka kwenye damu. Bibi zetu hawakujua habari hiyo walipopika kiburu cha ndizi na maharage. Walikuwa na ndizi na maharage, basi.

Yai simkatazi mtu mzima mwenye afya. Tatizo la chipsi mayai kwangu ni lile karai zaidi ya yai lenyewe. Mwenye kisukari au aliyeambiwa moyo una shida amsikilize daktari wake, na anayemeza vidonge asiviache kwa sababu ya barua ya mzee wa duka. Kolestro haiumi, huwezi kujua imeshuka mpaka upimwe.

Alhamisi nitapita mchana. Niwekeeni bakuli la makande, yasiungwe kwa mafuta mengi, na nusu parachichi. Nalipa taslimu, nimeacha kukopa.

Babu yenu, wa duka la kona