Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu kwa paka

Mhariri,

Mvua zikianza, kupe na viroboto huongezeka, na wengi hapa Dar es Salaam hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakachanganya ndoo moja ya kumwogeshea mbwa na paka pia. Paka anaweza kufa. Ini lake haliwezi kuvunja pamethrini na sipamethrini, kemikali za kuua kupe zilizomo katika nyingi ya dawa hizo, haraka kama la mbwa, hivyo sumu hujilimbikiza. Baada ya saa chache, pengine kesho yake, hutokwa na udenda, masikio na misuli humchezacheza, kisha degedege.

Mwogesheni upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Maji ya moto huifanya ngozi ifyonze dawa zaidi. Ya baridi humzidishia mtetemeko. Mkausheni, mfungeni taulo asijilambe, mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Maziwa hayaondoi sumu, ingawa imani hiyo haifi! Wala msimpe parasetamo: hata nusu ya kidonge cha miligramu 500 yaweza kumuua.

Daktari wa mifugo,
Temeke, Dar es Salaam