Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Tuba za Vikundi Vyetu

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Malalamiko yaliyofika kwa kamati mwaka huu, kuanzia Moshi mjini hadi vikundi vya juu mlimani, yalifanana mno: besi haitoki, au noti za besi zinapanda juu kuliko za wenzake. Kwa hiyo tulikagua tuba zote tisa za vikundi vyetu, yaani yale matarumbeta makubwa ya besi. Tuba ikiyumba, matarumbeta yote yanayumba, maana kila sauti inajipima kwa besi. Nasema kwa furaha kwamba sehemu kubwa ya kasoro tulizoziona wapigaji wenyewe wanaweza kuziondoa.

Kasoro ya kwanza ni pumzi kuvuja. Tuba ya B-flati ina bomba la karibu mita 5.5, na tundu dogo kama la sindano linatosha kuua noti za chini. Anza kwenye kitufe cha kutolea maji: kile kizibo chake kidogo kikikauka au kikipasuka, badilisha. Kisha pima pistoni, kile kipande cha ndani ya kila valvu kinachobonyezwa kwa kidole. Vuta kidogo slaidi ya valvu, yaani bomba lake la kuvuta, bila kubonyeza, halafu bonyeza. Ukisikia "po!", hewa ilikuwa imefungwa vizuri. Ukisikia kimya, ama pistoni imelika ama slaidi imelegea. Slaidi iliyolegea kidogo inasaidiwa na grisi. Pistoni iliyolika ni kazi ya fundi.

Tuba mbili zilizoletwa kama mbovu hazikuwa na ubovu wowote. Baada ya kuoshwa, pistoni zilirudishwa kwenye nyumba zisizo zao, na pumzi ikagoma kupita. Kila pistoni imegongwa namba yake. Isome kabla ya kuirudisha, kisha izungushe taratibu mpaka ikae kwenye mfuo wake. Pistoni ipakwe oili ya valvu pekee. Mafuta ya kula yanashikana na vumbi letu la kiangazi na kuwa gundi. Vaselini ni ya slaidi, isiguse valvu kamwe.

Sasa hili la besi kupanda. Valvu ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Kila valvu huongeza kijibomba chake kwenye urefu wa tuba, na kijibomba hicho kimekatwa kwa kipimo cha tuba iliyo wazi, bila valvu nyingine kubonyezwa. Ukibonyeza 1 na 3 pamoja, tuba imeshakuwa ndefu zaidi, kwa hiyo vijibomba vile havitoshi tena na noti inapanda. Ndiyo maana C na F za chini kwenye tuba ya B-flati zinasumbua, na B ya 1-2-3 inasumbua zaidi. Mwenye valvu nne atumie 4 badala ya 1-3, na 2-4 badala ya 1-2-3. Mwenye tatu avute slaidi ya valvu ya tatu mpaka 1-3 ikae sawa, na noti ambazo angezipiga kwa 3 peke yake azipige kwa 1-2. Tatizo hili lilijulikana tangu mwanzo: tuba ya kwanza, ya Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi, na Moritz, mtengenezaji wa ala, iliyosajiliwa Berlin mwaka 1835, ilikuwa na valvu tano.

Asubuhi za Juni na Julai mambo yanageuka. Katika hewa baridi sauti husafiri polepole, na tuba inashuka. Tarumbeta ndogo inapata joto haraka, tuba inachelewa. Msikimbilie slaidi, mpigaji apitishe pumzi ya moto ndani ya tuba, bila kutoa sauti, kwa dakika kadhaa, ndipo mlinganishe.

Jambo linaloniumiza ni kutu ya waridi. Tazameni bomba linalopokea pumzi kutoka kwenye mdomo wa kupulizia: mkiona doa la waridi dogo kama punje ya mtama, zinki imeanza kutoka kwenye shaba ya njano ya tuba, na kusugua hakuirudishi. Mate yenye soda au chai ya sukari yanaharakisha. Sukutueni kwa maji kabla ya kupuliza. Osheni tuba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto yanabandua vanishi.

Mdomo wa kupulizia ukikwama, koleo ni marufuku. Tuba moja bomba lake limepinda kwa sababu hiyo, na fundi aliyepewa kulinyoosha aliyeyusha maungio ya jirani kwa moto mkali.

Mapato na matumizi yamo kwenye taarifa ya mhazini. Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: kununua kifaa kimoja cha kutolea midomo iliyokwama, kitunzwe Moshi mjini kwa matumizi ya vikundi vyote, na kila kikundi kilete tuba yake kukaguliwa mwezi Mei, kabla ya baridi na kabla ya msimu wa harusi.