Homeopathi ya India haikuanzia serikalini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tiba za India iliipa serikali sifa zote za kukuza homeopathi, yaani tiba inayotumia dawa zilizozimuliwa mno. Sivyo ilivyokuwa. Ilishika mizizi Calcutta mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 1867 Dk. Mahendralal Sircar, msomi wa udaktari wa Kizungu aliyewahi kuibeza, alisimama mbele ya madaktari wenzake akasema ameikubali. Wakamtenga. Bunge lilikuja kuitungia sheria mwaka 1973, zaidi ya miaka mia moja baadaye!

Nilipokuwa nasoma huko India, mama mwenye nyumba alinipa vidonge vya sukari, vidogo kama punje za mtama, niviweke chini ya ulimi. Mafua yaliisha baada ya wiki, kama yanavyoisha yenyewe. Kichupa kiliandikwa 30C: yaani dawa imezimuliwa sehemu moja kwa mia, kisha tena na tena, mara 30. Mwishowe humo hamna hata chembe yake. Mwandishi wenu alisifu vyuo na hospitali, lakini hili hakuligusa kabisa. Naomba alirudie.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam