Salamu za Krismasi kwa walio na mawazo mengi

Heri ya Krismasi kutoka Nairobi, ambako wiki hii nauli imepanda, steji za mabasi ya mashambani zimejaa magunia na watoto wenye usingizi, na kila mzazi anapiga hesabu mbili kwa pamoja: ya kuku wa tarehe 25 na ya karo ya shule. Njaanuari huanza kutisha hata chapati hazijapoa.

Luka anasema wachungaji wa Bethlehemu walikuwa wakilinda kundi kwa zamu usiku. Kwa lugha ya hapa, masoja wa usiku. Malaika aliwaambia "Msiogope", ila hakuishia hapo. Aliwaeleza mji, mtoto ni wa namna gani, amevikwa nini, amelala wapi: katika hori ya kulia ng'ombe. Faraja ilikuja na maelekezo kamili.

Maombi yetu mengi kuhusu wasiwasi hayana maelekezo. "Bwana, niondolee mawazo." Mtu anapiga magoti dakika 20, na 18 kati ya hizo anayazungusha matatizo yaleyale, kisha anainuka amechoka kuliko alivyoanza. Huko ni kusumbuka macho yakiwa yamefumbwa. Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, aliwaambia haja zao zijulikane na Mungu, kwa kuomba pamoja na kushukuru. Haja haijulikani mpaka itajwe.

Basi chukua daftari. Simu hapana: utaifungua uandike sala, ujikute unasoma malumbano ya chama. Kaa mezani, saa moja hivi kabla ya kulala, wala usifanye hivi kitandani. Andika kila wasiwasi kwa jina lake na kiasi chake. Usiandike "pesa", andika "karo, bado shilingi 8,000". Kisha jiulize kama kuna la kufanya kesho. Likiwepo, andika moja tu: "kwenda shuleni asubuhi kuomba kulipa kidogo kidogo". Lisipokuwepo, andika "kwa Mungu", ulisome kwa sauti, ulitwike kwake kama 1 Petro 5:7 inavyosema. Mistari mitano inatosha. Ikifika kumi na tano ujue umeanza kujitisha mwenyewe. Malizia na shukrani moja ya leo, iwe halisi, hata kama ni maji kurudi kwenye mfereji. Funga daftari.

Saa tisa usiku wasiwasi utabisha tena, kwani ndiyo tabia yake. Usianze kuomba upya wala usiwashe simu. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, moyoni ukisema "Siku ya hofu yangu", uitoe ukihesabu hadi sita, "nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Pumzi ikitoka polepole kuliko ilivyoingia, moyo nao hupunguza mbio. Endelea dakika tano. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu na kwa haraka. Hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole huja, na mtu akadhani anakufa.

Tusiusahau mwili. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena (1 Wafalme 19). Kwa hiyo ile chai kali ya saa tatu usiku ipunguze, na mlo usiuruke ati unafunga, kumbe hamu ya kula imekuishia tu.

Na wasiwasi ukikunyima usingizi au kazi kwa wiki kadhaa, mwone daktari. Kwenda kliniki ya afya ya akili si kukosa imani, na dawa uliyoandikiwa usiiache ghafla kwa sababu umeombewa. Yakija mawazo ya kujidhuru, usingoje ibada ya Jumapili: mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huohuo.

Kwenu mnaosafiri, mfike salama. Dereva akikimbiza gari, mwambieni apunguze. Na ninyi mtakaokuwa zamu usiku wa tarehe 24, getini, wodini, kwenye vituo vya mafuta, tumewaandika kwenye daftari letu, mstari wa kwanza. Krismasi njema.