Urudishe ule mwisho ulioufuta

Mwanangu mpenzi,

Daftari lako la hadithi ya Kito na Zaina nimelisoma lote jana usiku. Ukurasa wa mwisho karatasi imekwanguka kwa kufutwa, nikaiinamisha kwenye mwanga. Uliyoyafuta bado yanasomeka: "Hawakuoana. Walibaki marafiki, na taa ikawaka hadi asubuhi." Juu yake umeandika harusi, mistari mitatu, kwa mwandiko wa mtu anayetaka kumaliza upesi.

Harusi hiyo imetoka kwangu. Ni mimi niliyekuuliza, hata hujafika katikati, "Sasa hawa wataoana lini?" Ukanyamaza, ukafunga daftari. Nisamehe, mwanangu.

Wewe mwenyewe umebuni taa inayozimika mwenye kuishika akisema uongo. Kule pangoni Kito anamuuliza Zaina kama anampenda kama wapenzi wanavyopendana, naye kwa kuogopa kumuumiza anaitikia ndiyo. Giza likawafunika wote wawili! Nilibana pumzi. Kisha akasema kweli: "Wewe ni rafiki yangu kuliko wote. Uchumba siutaki, na sijui kama nitautaka." Utambi ukashika. Na Kito hakukasirika, alisogea tu karibu na mwanga wakaendelea kutafuta njia. Hapo nilitokwa na machozi. Sasa niambie, harusi ile wangeifunga gizani?

Mwaka 1868 Louisa May Alcott wa Marekani alichapisha riwaya ya ndugu wanne wa kike. Wasomaji wakamwandikia barua wakitaka Jo, mmoja wa ndugu hao, aolewe na rafiki yake Laurie. Alitaka Jo asiolewe kabisa, akakataa katakata kumwoza kwa Laurie, ingawa mwishowe alimtafutia mume mwingine. Yeye mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Alibanwa na wasomaji wengi. Wewe ulibanwa na mama yako tu, naye ameshakuachia.

Sikuulizi kama Zaina ni wewe. Una miaka 11, na hilo ni lako. Siku ukitaka kuniambia, nitasikiliza, na sitakuambia "utabadilika ukikua". Niliambiwa hivyo kuhusu mambo mengi nikiwa mdogo, na kila mara niliona mlango umefungwa.

Nimekuwekea penseli iliyochongwa juu ya daftari. Kosa nimeliona moja tu: sura ya nne Kito anapoteza kiatu mtoni, sura ya tano anakimbia na viatu viwili.

Akupendaye,
Mama