Fairlady yako ndani imezeeka, au imechoka tu?

Msimu wa korosho ukichanganya, karakana yetu hapa Chikongola, Mtwara, huanza kupokea magari ambayo mwaka mzima hatukuyaona. Mwaka huu la kwanza lilikuwa Nissan Fairlady Z ya rangi ya fedha, ile wanayoiita Z34, toleo la 2009. Mwenyewe, kijana wa Tandahimba, hakuzima hata injini.

"Fundi, ng'oa dashibodi hii yote, niwekee tableti kubwa kama za magari mapya. Hii yangu ndani ni ya kizee. Wife anasema inanuka kabati la bibi yake."

Nikamwambia, "Bosi, zima kwanza, fungua milango yote miwili, unipe dakika kumi."

Dakika kumi zile ndizo zilizonifanya niandike haya, maana swali lake tunaulizwa sana, na si na wenye Fairlady peke yao. Wenye Altezza, Celica, RX-8 na Subaru za turbo wote huja na wimbo mmoja: nje gari bado linageuza shingo za watu, ndani linatia aibu. Nami jibu langu huanza kwa kuuliza: kinachokutia aibu ni nini hasa? Mchoro wa dashibodi, au uchakavu? (TRA walishakuambia habari ya uchakavu siku unalipia ushuru, lakini ule ni mwingine.)

Nilipita na kidole. Mpini wa mlango ulinata kama pipi iliyolambwa. Silingi ilikuwa imeachia upande wa nyuma, imetunga tumbo. Siti ya dereva, ukingo wa kulia, pale unapoburuza paja kila ukiingia, ilikuwa imechanika na sponji yake imekuwa unga. Kapeti ya abiria ilikuwa na unyevu. Redio ilishika stesheni mbili. Katika hayo yote hamna hata moja ambalo tableti ingeliponya. Angelipa hela nyingi, akae kwenye siti iliyochanika, ndani ya harufu ile ile, akitazama skrini inayong'aa.

Sasa dashibodi yenyewe. Juu yake, katikati, kuna vijumba vitatu vya duara vilivyoelekezwa kwa dereva: joto la oili, volti na saa. Mteja wangu aliviona vya kizee, na ni kweli asili yake ni ya zamani, kwa sababu Z ya kwanza kabisa ya 1969 nayo ilikuwa na geji tatu mahali hapo hapo. Lakini Nissan walipotoa Z mpya, iliyoingia sokoni 2022, waliweka skrini mbele ya dereva badala ya mishale, kisha juu ya dashibodi wakaziacha geji tatu za duara. Wenye kiwanda, wenye wachoraji na fedha zote walizonazo, hawakuthubutu kuzing'oa. Mimi na bisibisi yangu niwe nani?

Tena si mapambo. Injini ya gari hili ina sifa ya kupandisha joto la oili ikibanwa kwa muda mrefu. Ukitoka hapa kwenda Masasi mchana wa Novemba, mguu ukiwa mzito, ile geji ya kwanza ndiyo inayokuambia upunguze. Ya volti nayo: injini ikiwaka isome 13.5 hadi 14.5 hivi. Ikianza kushuka, oltaneta inakuaga kabla hujalala njiani Mbwemkuru. Tazama pia geji kubwa zilizo nyuma ya usukani. Ya mizunguko ya injini imekaa katikati, si ya spidi, na ukiinua au kushusha usukani geji zote hupanda na kushuka nao, kwa hiyo haziwahi kufichwa na usukani. Magari mangapi mapya yanafanya hivyo?

Ila gari hili silitetei kwa kila kitu. Usukani wake hauvutiki kuja kwako, unapanda na kushuka tu, hivyo mtu mrefu atakaa mikono imenyooka au magoti yamekunjwa. Mahali pa kuweka simu, maji na risiti ni kama hakuna. Na gari hili lilichorwa kabla ya Apple CarPlay kutoka 2014 na Android Auto kufuata 2015, ile mifumo ya kuleta simu yako kwenye skrini ya gari, kwa hiyo simu yako na gari hawajuani. Hilo la mwisho ndilo pekee ninalokubali kuliita uzee, na dawa yake haihitaji kung'oa dashibodi.

Yaliyobaki ni hali ya hewa yetu. Wateja wa Dodoma na Iringa hawaamini nikiwaambia, lakini nyinyi wa Shangani na Mikindani mnajua chumvi inavyokula hadi bawaba za madirisha. Plastiki laini za magari ya miaka ya 2000 zilipakwa utando mwembamba ili zipendeze kugusa. Joto na unyevu vikikutana miaka mingi, ule utando huvunjika kikemikali, ukageuka gundi. Nissan na Toyota za wakati ule zinaugua sana ugonjwa huu. Unafuta na kitambaa, kinabaki na manyoya. Watu wanapaka petroli, wengine mafuta ya kung'arishia dashibodi. Petroli inakula plastiki yenyewe. Mafuta yale yanaficha kwa wiki moja, halafu yanavuta vumbi, na jua likipiga dashibodi inajionesha kwenye kioo cha mbele kama kioo cha pili. Sisi tunauondoa utando wote taratibu kwa spiriti na kitambaa laini, baada ya kujaribu mahali palipojificha, kisha tunapaka rangi ya plastiki isiyong'aa. Kazi ya kuchosha vidole, na ndiyo inayobadilisha gari kuliko zote. Mtu akishika mpini wa mlango na mkono ukatoka mkavu, tayari anaona yuko kwenye gari jingine.

Silingi ni hadithi hiyo hiyo. Kitambaa hakijachoka. Sponji nyembamba iliyo kati ya kitambaa na ubao ndiyo iliyokuwa vumbi. Ukikitoa, inamwagika kama pumba za mahindi, na lazima isuguliwe yote, ubao ubaki mweupe. Anayekuambia atachoma sindano aingize gundi, au apige pini za kichwa cha rangi, anakuuzia miezi miwili. Gundi ya viatu nayo, nzuri kama ilivyo, inalainika gari likisimama juani sokoni. Inatakiwa ya kupulizia, ya kuhimili joto, na kitambaa chenye sponji yake mpya. Mvua zikianza Desemba tunaomba gari likae siku tatu badala ya mbili, maana gundi haikauki vizuri hewa ikiwa imejaa maji.

Kwenye siti nitakaa kidogo, kwa sababu hapa pana hatari.

Siti ya gari la spoti imeinuliwa kingo ili ikushike kwenye kona. Ukipeleka kwa fundi wa makochi, atakushonea kitu kizuri, cha kukalia ukitazama mpira, na kingo zitakuwa zimelala. Sisi tunajenga ukingo kwanza kwa sponji ngumu, tunakata kwa kisu na kuikalia, tunakata tena, ndipo tunashona. Lakini kabla ya mkasi kugusa, tazama ubavu wa siti kwa upande wa mlango. Ukiona kilebo kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, ujue ndani ya siti hiyo kuna eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka ukigongwa ubavuni. Ule mshono wa pembeni umewekwa uzi unaotakiwa kukatika. Kava za kuvalisha za bei rahisi, zinazofunika siti nzima kama foronya, zinaufunga mfuko ndani. Fundi anayeshona pale kwa uzi wa nailoni wa mara mbili amefanya vivyo hivyo. Tumeshazikataa kazi za namna hii, na mteja akaondoka amenuna.

Kwenye usukani usiseme. Waya zake za eabegi zina rangi ya njano, na anayezigusa bila kutoa betri na kusubiri dakika kadhaa anacheza na baruti. Kuna wanaotaka usukani mdogo wa mbio, wa nyuzi nyekundu. Unapendeza, hauna eabegi. Na kwa magari ya umri huu nina ombi moja zaidi: chukua namba ya chesisi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako liliitwa lirudishwe kubadilishiwa eabegi za Takata. Kampuni hiyo ya Japani, iliyofilisika 2017, iliuza mamilioni ya vifyatuo vilivyotumia amonia naitreti, na vikikaa miaka kwenye joto na unyevu vinaweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu! Ni kama walikuwa wanaielezea Mtwara. Kama usukani umechakaa tu, tunauvika ngozi halisi na kuushona kwa mkono, eabegi tukiiacha mahali pake. Zile soksi za usukani za kuvuta achana nazo. Zinateleza kwenye kona, na kona ndizo ulizonunulia gari.

Redio ilikuwa na mkasa wake. Redio za Japani zilitengenezwa kushika masafa ya kwao, FM 76 hadi 90, na sisi stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Ndiyo maana stesheni mbili. Kuna kidude cha kuunga kwenye waya wa antena kinachohamisha masafa, ni rahisi na kwa anayetaka taarifa ya habari tu kinatosha, ila namba utakayoiona kwenye redio haitakuwa ya kweli. Huyu bwana alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine, mji mwingine, aliyekata soketi ya kiwanda na kusokota waya kwa selotepu. Moja ilikuwa inakula betri usiku kucha, na yeye alishanunua betri mbili akidhani za kichina. Tuliunga soketi upya, tukamfungia redio ya kipimo cha kawaida, milimita 178 kwa 100, yenye CarPlay na Android Auto, kwenye nafasi ya redio ya zamani. Wenye Toyota mjue nafasi zenu nyingi zina upana wa 200, kwa hiyo bila fremu redio itabaki na mapengo masikioni.

Juu ya redio, Fairlady isiyo na ramani ya kiwandani ina kisanduku chenye mfuniko pale ambapo skrini ingekaa. Alitaka tukizibe. Nikafungua, nikakuta korosho za kukaanga nusu kikombe na risiti ya chama cha msingi. Gari lenye shida ya pa kuweka kitu, halafu uzibe kisanduku! Tukakiacha. (Korosho ghafi ni jambo jingine. Msipakie magunia kwenye siti. Mafuta ya ganda yanachoma ngozi ya mtu, seuze ya siti.)

Kuhusu tableti kubwa, nilimwambia kitu kimoja tu. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanawabana kwenye alama watengenezaji wanaohamishia kwenye skrini vitu kama indiketa, hazadi, honi na waipa. Wanataka batani zirudi. Za kwake hazijawahi kuondoka. Hata Altezza, iliyokuwa Gari la Mwaka la Japani kwa 1998–1999, geji zake zilichorwa kama saa ya mkononi ya mbio, vijiduara ndani ya duara, na kila mwaka anakuja mtu anayetaka kuitupa aweke ya namba za bluu. Hiyo kazi nenda kwa mwingine, kaka.

Harufu ya kabati la bibi haikutaka hela kubwa. Kiyoyozi kinatoa maji, na maji hayo yana mpira wa kutokea chini ya gari. Ulikuwa umezibwa na tope, maji yakageuka na kumwagikia chini ya kapeti ya abiria, ambako wife anaweka miguu. Tukazibua, tukatoa kapeti nzima na sponji yake, tukaosha na kuianika siku mbili za jua. Ukipulizia manukato juu ya kapeti yenye maji unapata kabati la bibi aliyejipulizia manukato.

Alikuja kuchukua gari siku ya sita. Akakaa, akashika usukani, akanusa, hakusema kitu. Halafu akatazama ile geji ya tatu, saa. Tulipotoa betri ilikuwa imepotea, kijana wetu akairudisha kwa usahihi: ilikuwa asubuhi, mshale mfupi kwenye 7.

"Hii saa mmeiharibu. Ilikuwa inasema saa moja."

Tulicheka, kisha tukaelewa. Ilikuja na saa za Japani, na Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa saba mchana, na mshale unasimama kwenye 1. Miaka yote miwili alikuwa anaendesha gari linalosoma Kiswahili. Kijana wetu akainama tena, akairudisha ilivyokuwa.